Mabuti Mawili ya Kushoto

Rosaire Thivierge alikuwa mtu wa ratiba. Miaka thelathini na minne alifanya kazi katika ofisi ya jiji la Quebec, na kazi yenyewe ilikuwa kupanga gari lipi la kukwangua theluji lipite mtaa upi na saa ngapi. Alipostaafu, mkono ukabaki na mazoea yake. Akawa anapanga chochote kilichokaa mbele yake. Alikuwa na ratiba ya kumwagilia maua, ratiba ya kumpigia simu dada yake, na, msicheke, ratiba ya kuzikagua ratiba. Majirani walimcheka, naye alijua. "Chekeni tu," alikuwa akiwaambia. "Siku theluji itakapowazika ndiyo mtamkumbuka Rosaire."

Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo kwa miaka kumi na mmoja alishindwa kulipangia siku wala saa. Jambo hilo lilikaa ng'ambo ya barabara, nyumba yenye mlango wa kijani, na jina lake lilikuwa Bi Fernande Falardeau: mjane wa miaka sitini na minane, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kona ya kanisa, na katika karata hana huruma na mtu. Kila Alhamisi Rosaire alivuka barabara, akacheza naye, akafungwa, akarudi kwake. Alimpenda. Mtaa mzima ulijua anampenda, hata mwuza magazeti. Yeye tu ndiye aliyedhani ni siri.

Sasa Alhamisi moja ya mwezi wa pili, Bi Fernande alikuwa akigawa karata, akasema bila kuinua macho, "Binti yangu Josette anataka nihamie kwake Vancouver. Amenitengea chumba. Jumamosi saa kumi na moja jioni atapiga simu, anataka jibu."

Karata zilimtoka Rosaire mkononi zikatawanyika chini ya meza. Mtu mwingine yeyote angesema, "Bi Fernande, usiende." Maneno matatu, basi. Mtoto wa chekechea angeyaweza. Rosaire aliinama, akaokota karata moja moja, na alipoinuka alisema hivi:

"Bi Fernande, umewahi kuuona mji huu vizuri?"

"Nimezaliwa hapa, bwana."

"Kuzaliwa si kuona. Niachie Jumamosi. Nitakupangia siku moja ya kutembea, mji wa juu na wa chini, theluji, mto, kila kitu. Uone kwanza unachokiacha, ndipo umjibu Josette."

Bi Fernande akaendelea kugawa karata, akasema, "Haya. Panga."

Ijumaa mchana wakakaa kikao jikoni kwa Bi Fernande. Alikuwapo pia Ludger, binamu yake Bi Fernande, mwanamume mkubwa wa kununanuna, ambaye aliitwa kwa sababu anaishi mji wa chini na anajua saa za feri. Yeye mwenyewe alikuja kwa ajili ya pai ya nyama. Mabuti waliyaacha mlangoni kwenye sinia la mpira, kama adabu inavyotaka, wakaingia na soksi. Soksi ya Ludger ilikuwa na tundu la kutosha kidole gumba kuchungulia kikao.

Mabuti yenyewe, nieleze mapema tusije tukalaumiana, yalikuwa mamoja. Rosaire na Ludger walikwenda pamoja kwenye mnada wa mwezi wa kumi na moja wakanunua pea mbili za aina moja, nyeusi, nambari arobaini na tatu, zenye manyoya ndani. Yalipolala pale kwenye sinia hata mama yao asingeyatambua.

Rosaire alivaa miwani, akakohoa, akaanza kusoma.

"Mstari wa kwanza. Saa moja na robo asubuhi: kuvaa mabuti, dakika tatu."

"Dakika tatu?" Bi Fernande akauliza. "Kwani una miguu mingapi?"

"Mstari wa tisa. Uwanda wa Abraham, kutembea na viatu vya theluji, dakika hamsini. Mstari wa kumi: kusifu mandhari, dakika nne."

"Na mimi nikitaka kusifu dakika tano?"

"Tutaifidia kwenye supu," Rosaire akajibu, wala hakuwa anatania. "Supu ya njegere ina dakika ishirini na tano, ukila haraka unaweza kumaliza kwa ishirini na nne."

"Supu ya moto hivyo, atakula pamoja na ulimi," Ludger akasema, pai ikiwa mdomoni.

"Mimi nataka kitu kimoja tu," Bi Fernande akasema. "Kuteleza na sleji kwenye ule mteremko wa barafu pale Terasi. Mara ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikapiga yowe mpaka kofia ikaenda mtoni."

"Imo, imo. Mstari wa ishirini na tatu. Dakika kumi na mbili pamoja na foleni."

Bi Fernande akamnyang'anya karatasi. Aliisoma taratibu kutoka mstari wa kwanza hadi wa ishirini na sita. Kisha akaigeuza, akautazama mgongo wake ambao haukuwa na kitu.

"Ndiyo yote?"

"Yote. Kuna nilichosahau?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye mpangaji."

Jibu hilo lilimtia Rosaire kiwewe. Mtu akimwambia ratiba yake ina pengo, ni heri amtukane mzazi wake. Akaanza kuisoma upya papo hapo, akaaga huku anasoma, akasukuma miguu ndani ya mabuti huku anasoma, akavuka barabara huku anasoma, gari moja ikampigia honi na yeye akainyooshea kidole inyamaze, amefika mstari wa kumi na saba.

Asubuhi ya Jumamosi, saa moja na robo kamili, Rosaire aliketi kwenye kiti cha mlangoni kuvaa mabuti. La kushoto likaingia vizuri. La kulia likakataa. Akalisukuma, likaingia kwa ugomvi, lakini mguu ulipokanyaga chini, ncha ya buti ikawa inatazama jikoni. Akalivua, akaliweka kando ya mwenzake. Akayatazama kwa muda mrefu.

Yote mawili yalikuwa ya kushoto.

"Ludger!" akapiga ukelele. "Ludger, mwizi wa miguu ya watu!"

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka, maana simu ya Ludger hulala kwenye droo ya visu. Mabuti yake ya zamani Rosaire alikwishayatoa sadaka kanisani, mstari wa nne wa ratiba ya kupunguza vitu. Kabatini kulibaki ndara za kiangazi na gambuti moja lenye tundu. Akavaa tena yale mawili ya kushoto, akasimama katikati ya ukumbi, na hapo ndipo Bi Fernande alipobisha hodi, na kofia yake nyekundu na themosi ya kahawa.

Alimtazama usoni, akashuka mpaka miguuni. Akaushika ukuta. Alicheka mpaka themosi ikamponyoka.

"Bwana Rosaire, huo mguu wa kulia unakwenda wapi peke yake?"

"Hakuna cha kuchekesha hapa. Tumechelewa dakika tisa. Mstari wa pili wote umekwisha kufa."

"Uache ufe, tutauzika. Sasa twende kwa Ludger."

"Hivi hivi?"

"Unataka nikubebe?"

Wakatoka. Ah, kutembea na mabuti mawili ya kushoto ni elimu. Mguu mmoja unakwenda mbele kwa heshima, mwenzake unakata kona. Rosaire akawa anavutwa kulia, na kulia kulikuwa na kingo za theluji iliyokwanguliwa, zile zile alizozipangia magari miaka thelathini na minne. Aliingia ukingo wa kwanza mpaka magotini. Alipoingia wa pili mpaka kiunoni, Bi Fernande akamtoa, akamkung'uta koti, akapitisha mkono wake kwenye mkono wa kushoto wa Rosaire na kumkaza.

"Nishike hapa, la sivyo jioni utakuwa Montreal."

Rosaire akashika. Miaka kumi na mmoja, mkono huo hakuwahi kuupata kwa karibu kuliko kugawiwa karata. Haukuwa kwenye ratiba. Aliangalia mbele kwa ukali, kama mtu aliyebeba mayai, akiogopa kusema lolote asije akaukumbusha kwamba upo.

Walifika Ngazi za Vunja-Shingo, zinazoshuka mji wa chini, na jina hilo hazikupewa bure. Rosaire alizishuka kinyumenyume, ameshika chuma, huku Bi Fernande mbele yake akimhesabia ngazi. Wageni wenye kamera walisimama pembeni kuwapisha. Bibi mmoja akamwambia mumewe, "Ona wenyeji wanavyoshuka," na mumewe, mtu wa kutaka kujifunza, akageuka naye akaanza kushuka kinyumenyume.

Mwenye nyumba wake Ludger, Bi Blandine, aliwafungulia mlango na mwiko mkononi.

"Ludger? Hayupo. Kaenda Lévis, ng'ambo ya mto, kwa binti yake. Nimemwona dirishani anatembea kama kaa, anavutwa kushoto tu. Nikasema, leo Ludger ameanza mapema." Akatazama chini. "Na wewe je? Mmekunywa kilabu kimoja?"

"Tuna haraka, Bi Blandine."

"Haraka ya kwenda wapi na miguu hiyo? Vueni mabuti, supu iko jikoni."

Wakala supu ya njegere saa tatu asubuhi, wakati ratiba iliiandika saa saba na dakika kumi. Rosaire alitaka kuisahihisha karatasi kwa penseli, lakini Bi Fernande akaiweka sufuria juu yake. Walikaa pale saa nzima na nusu. Bi Blandine aliwapa umbeya wa mji wote wa chini, na Bi Fernande alicheka mpaka machozi, na Rosaire, kila alipomtazama akicheka, aliweka kijiko chini. Vancouver, akawaza. Huko nani atamfanya acheke hivi? Na mimi je, Alhamisi nitavuka barabara kwenda wapi?

Walipopanda feri ilikuwa mchana, maana walikosa mbili, moja kwa sababu ya supu na moja kwa sababu Rosaire alikwenda kulia badala ya kwenda moja kwa moja. Mto ulikuwa umejaa mapande ya barafu, na feri iliyakanyaga kwa mlio wa sahani zinazovunjika. Walisimama nje kwenye baridi. Bi Fernande akageuka nyuma, akauona mji wake juu ya mwamba, kuta, mapaa, moshi wa majumba ukipanda wima.

"Loo!" akasema. "Kumbe tunaishi juu hivi? Miaka arobaini sijapanda feri hii."

Hapo Rosaire alikuwa ametayarisha hotuba. Mstari wa kumi na nne, historia ya mji, dakika sita. Akatoa karatasi. Ilikuwa imelowa supu na theluji, wino wote umekwenda matembezi. Akaikodolea macho, akakodoa tena.

"Ule," akasema hatimaye, akinyoosha kidole, "ni ukuta."

"Naona ni ukuta."

"Ni wa zamani."

"Ahsante, Bwana Rosaire," Bi Fernande akasema, na kofia yake nyekundu ikawa inatikisika.

Ludger walimkuta kwenye chumba cha abiria upande wa Lévis, amekaa kwenye benchi, ameyavua mabuti, miguu ameielekeza kwenye kipasha joto, kidole gumba nje kama kawaida. Alikuwa amekaa pale tangu asubuhi. Kilima cha kwenda kwa binti yake kilikuwa kimemshinda.

"Wewe!" Ludger akanguruma. "Nirudishie mguu wangu!"

"Nani kachukua mguu wa nani? Lete langu kwanza!"

"Nimezunguka kituo cha basi mara tatu nikidhani naelekea mlangoni!"

Wakabadilishana, buti kwa buti, wakitazamana kwa chuki kama mateka wa vita wanaokombolewa. Ludger alipokwisha kuvaa, akakanyaga chini, uso ukamlegea kwa raha. Kisha akakumbuka jingine.

"Na wewe Fernande, una dhambi! Jana nilikwambia mabuti haya yananibana, yananivuta. Ukaniambia buti jipya hubana, Ludger, vumilia. Ukainama ukanifunga kamba wewe mwenyewe!"

Rosaire aliinua kichwa. Bi Fernande alikuwa akitazama saa za feri zilizobandikwa ukutani, akizisoma kwa makini sana.

Feri ya kurudi iling'oa nanga ikaondoka, Ludger amebaki nyuma akipanda kilima kwa mwendo wa bwana harusi. Ndipo Rosaire akalipuka.

"Ulijua!"

"Nilijua."

"Uliniona natoka na mabuti mawili ya kushoto ukaninyamazia!"

"Nilikuwa dirishani. Nilikuona unavuka, unasoma, umepinda, gari inakupigia honi. Nilicheka nikakaa chini."

"Mistari ishirini na sita, Bi Fernande! Uwanda wa Abraham hatujauona. Ngome hatujaiona. Umeniharibia siku nzima, na mimi nilitaka, nilitaka..."

"Ulitaka nini?"

"Uuone mji!"

"Mji!" Bi Fernande akageuka, na sasa hakuwa akicheka hata kidogo. "Miaka sitini na minane naishi ndani yake, unadhani sijauona? Nilikwambia nimeitwa nihamie Vancouver, na wewe ukaniuliza kama nimeuona mji. Nikasema, labda ataandika. Anaona haya kusema, ataandika. Nikaisoma karatasi yako mstari kwa mstari, nikaigeuza nyuma. Umeniwekea dakika nne za kusifu mandhari, Rosaire. Hukuniwekea hata nusu dakika ya kuniambia kama unataka niende au nibaki. Nikaona acha, hebu tumwone mtu huyu siku karatasi ikimshinda. Basi nimekuona siku nzima. Umeniambia ule ni ukuta."

Rosaire akaanza kuikunjua ile karatasi iliyolowa.

"Mficha uchi hazai," Bi Fernande akasema, akajikaza skafu shingoni. "Na simu yangu itaita saa kumi na moja."

Walipanda mji wa juu. Mabuti ya Rosaire sasa yalikuwa sawasawa, la kushoto kushoto, la kulia kulia, na hakuna sababu ya mtu kumshika mkono. Bi Fernande alitembea hatua mbili mbele. Rosaire alitamani, Mungu amsamehe, angeyabadilisha tena.

Pale Terasi foleni ilikuwa ndefu. Wakapewa sleji ya mbao, wakaivuta pamoja kupanda mteremko, jua likishuka nyuma ya mapaa na baridi ikizidi kung'ata. Juu kabisa, mama mmoja msimamizi, amejifunga skafu mpaka puani, aliwaonyesha mfereji wa katikati. Bi Fernande akakaa mbele, Rosaire nyuma, miguu yake pande mbili. Chini yao barafu ilishuka moja kwa moja, ikapotea.

Simu ikaita mfukoni mwa koti la Bi Fernande.

Akaitoa. Josette. Akaishika mkononi iite, akitazama mbele. Ikaita mara ya pili. Rosaire alitia mkono mfukoni kutafuta karatasi, akakuta bonge la uji. Ikaita mara ya tatu, na moyo wake ukamwambia, sasa au kaburini.

"Usiende," akasema.

"Upepo huu. Umesemaje?"

"Nimesema usiende."

"Sikusikii, Bwana Rosaire."

"USIENDE!" Foleni nzima ikageuka. "Usiende, Fernande! Nakupenda tangu ile Alhamisi ya kwanza uliponifunga mara tisa mfululizo! Ukienda mimi sina pa kuvuka!"

Mama msimamizi akashusha skafu yake kidevuni. "Mzee," akasema, "mnaenda au hamwendi? Watu wanaganda huku nyuma."

"Ngoja, dada, kidogo tu," Bi Fernande akasema. Akaiweka simu sikioni. "Josette? Ndiyo, mwanangu. Hapana, siji... Siumwi, naumwa nini? Nitakuja kiangazi kukusalimia, nirudi." Akasikiliza. "Kwa sababu kuna mtu huku hawezi kuvaa mabuti peke yake."

Akakata, akaitia simu kifuani, akavifunga vifungo vya koti. Kisha akaivuta mikono yote miwili ya Rosaire akaizungusha kiunoni mwake.

"Haya, mpangaji. Kushuka ni sekunde ngapi?"

Rosaire alikuwa amezipima. Ijumaa asubuhi yote alizipima, na saa ya mkononi, kutoka juu mpaka chini.

"Sijui," akasema, na mama msimamizi akawasukuma.